Siku Niliyomweka Yahya Benchi

Siku yangu ya kwanza kazini Jeddah nilifika ukumbini saa kumi kamili jioni, filimbi shingoni, raba mpya miguuni, na sikukuta mtu. Mipira imepangwa, vikapu viwili vinanitazama, na mimi peke yangu katikati ya uwanja. Nikangoja nusu saa nzima. Kisha nikatoa orodha ya majina kumi na tano, nikapiga kila jina alama ya mkasi, maana mimi tangu zamani ni mtu wa orodha. Nikaenda moja kwa moja kwa mkuu wa michezo wa chuo, ambaye kila mtu alimwita Mudiri, nikamwekea karatasi mezani.

"Hawa wote nataka waadhibiwe," nikasema. Ndiyo kwanza nina siku mbili nchini, hata ikama, kibali cha kuishi, sijapata, tayari nadai watu waadhibiwe!

Mudiri alikuwa Mhijazi mnene, mpole, anayependa chai ya mnanaa. Alimwita bawabu, mzee wa Kiyemeni, akamuuliza vijana wako wapi. Yule mzee akanitazama kwa huruma. "Walikuja asubuhi, ya Mudiri. Wamengoja, wamechoka, wameondoka. Halas."

Kumbe tangazo langu ubaoni niliandika mazoezi ni saa kumi. Kiarabu nilikipata Khartoum nilikosomea stashahada ya michezo, na herufi nilizipanga vizuri kabisa, ila saa ilinitoka ya Tanga. Kwao hiyo saa kumi ni saa nne yetu ya asubuhi. Vijana wangu wote kumi na tano walifika kwa wakati na aliyechelewa alikuwa mimi.

Mudiri alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Alipotulia akaichana orodha yangu taratibu, akaitia kwenye ndoo ya taka. "Ustadhi Mbaraka," akasema, "hakuna aliyekosa. Ila siku nyingine, kabla hujamwandika mtu, muulize kwanza anahesabu vipi."

Nikacheka naye. Laiti ningeyashika maneno yale, makala hii isingekuwa na la kusimulia.

Nyinyi vijana mnaosomea ukocha leo mna kompyuta zinazowaonyesha kila mchezaji amekimbia kiasi gani. Sisi tulikuwa na daftari, chaki na macho. Nilikuwa nakaa Bani Malik, chumba na sebule, na mke wangu Mama Rukia na watoto wawili. Kila jioni nilipanda teksi ya kuchangia hadi chuoni, daftari kwapani, nikiandika humo nani amepoteza mpira mara ngapi na nani amecheza faulo ya uvivu. Faulo ya uvivu ni ile ya mchezaji aliyeshindwa kuhamisha miguu akaona bora ahamishe mkono. Hiyo nilikuwa siisamehi. Aliyeifanya alikimbia uwanja mzima mara kumi, na hakuna aliyethubutu kuniuliza kwa nini.

Kitu kimoja nilichojivunia, na mpaka leo najivunia, ni mbinu zangu kuziita kwa Kiswahili. Katika mpira wa kikapu mpangaji, yaani yule anayepandisha mpira na kuwagawia wenzake kazi, hupaza sauti kutaja mbinu inayokuja. Sasa ukiitaja kwa Kiarabu, mpinzani naye si anasikia? Mimi nikawafundisha vijana wa Kisaudi maneno ya jikoni kwa Mama Rukia. "Ugali!" maana yake warefu wote mkajazane chini ya kikapu. "Mchuzi!" mpira usambazwe pembeni, mtu arushe kutoka mbali. "Pilipili!" mkabeni mpinzani uwanja mzima, asipumue. Mechi tano za kwanza tulishinda zote, wapinzani wakituona sisi wachawi.

Ya sita tukakutana na timu yenye mkandaji wa misuli Mkenya, jina lake Otieno. Kijana wangu kaita "Ugali!", Otieno huyo kasimama benchini anawatafsiria wake, eti wanakuja ndani, fungeni katikati! Tulipigwa vibaya sana. Baada ya mechi akanifuata ananyoosha mkono, jino nje.

"Sorry, kocha. Lakini sasa wewe, unaita ugali mbele ya Mjaluo, ulidhani nitanyamaza?"

Tukawa marafiki mpaka aliporudi kwao Kisumu.

Yahya alikuja mwaka wangu wa saba. Mwembamba, kimya, anatoka mtaa wa Al-Baghdadiyah, baba yake akiendesha lori la kuuza maji majumbani. Kurusha hakuwa hodari sana. Ila alikuwa na macho, bwana wee! Anatoa pasi huku anatazama kwingine, na mpira unamfikia mwenzake kifuani. Nilimpa upangaji baada ya wiki tatu. Ndiye kijana pekee niliyewahi kumwachia aite mbinu mwenyewe bila kunitazama, na kwa mtu mwenye hulka yangu hilo si jambo dogo.

Mwaka wake wa pili chuoni baba yake alianguka kutoka juu ya lori akavunjika mguu. Yahya akaacha masomo, akashika usukani. Mwaka ukapita, wa pili ukaingia. Wakati huo mimi nilikuwa nimepandishwa cheo, nahamia Riyadh kuwa afisa wa mashindano wa kamati ya michezo ya vyuo. Wiki ya mwisho nilikwenda kwao kuaga. Tulikaa sebuleni, baba yake mguu kaunyoosha juu ya mto, tende na kahawa katikati.

"Rudi chuoni," nikamwambia Yahya. "Hujachelewa."

"Kocha, mashindano yana ukomo wa umri. Miaka ishirini na mitano."

Nikahesabu kwa vidole, mbele ya baba yake. "Una misimu miwili kamili," nikasema. "Nakuhakikishia mimi."

Yule mzee akaniangalia, kisha akamwangalia mwanawe. "Kocha amehesabu," akasema. "Kesho nitajaribu kukanyaga klachi mwenyewe."

Riyadh tulipanga mtaa wa Malaz, ghorofa ya pili, hewa kavu mpaka midomo inapasuka. Kazi ya utawala wa michezo si ya filimbi tena, ni ya faili. Nilipanga ratiba ya mechi ili isigongane na sala wala mitihani. Nilitafuta marefa, nilikagua vyeti vya daktari, na kila mchezaji mgeni nilitazama ikama yake kama iko hai. Mkuu wangu mpya alikuwa Mwenyekiti wa Kamati, mtu wa Riyadh hasa, mkavu, asiyekunywa chai kazini. Aliniambia siku ya kwanza: "Ukocha ni kupenda timu moja. Hapa huna timu."

Nikaitika. Nikajitia kichwani kwamba mtawala mzuri ni yule asiyependa mtu. Vijana wangu wa zamani wakinisalimia viwanjani nilikuwa nawajibu kwa kichwa tu, watu wasije wakanisema.

Yahya alirudi chuoni kama nilivyomshauri. Msimu wake wa pili, wa mwisho, aliibeba Jeddah mpaka fainali, na fainali ilikuwa Riyadh, kwenye ukumbi niliokuwa nausimamia mimi. Nilikuwa najua mambo mawili. La kwanza, klabu moja kubwa ya Jeddah ilikuwa inamtuma mtu wake amtazame Yahya, na wakiridhika wanamsajili. La pili, baba yake, ambaye hajawahi hata siku moja kumwona mwanawe akicheza kwa sababu ya maji ya watu, alikuwa amefunga lori na yuko njiani, safari ya siku nzima kwa gari.

Asubuhi ya fainali meneja wa timu ya Riyadh akaniletea pingamizi la maandishi. Yahya amepita umri.

Nikafungua faili lake. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa cha tarehe za Hijria, kama vingi vya pale. Mnajua mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kuliko wa Miladia, huu wa Januari hadi Desemba, kwa siku kumi na moja hivi. Ukimhesabia Yahya kwa Miladia, ana ishirini na minne na miezi kadhaa. Ukimhesabia kwa Hijria, ameshapita ishirini na mitano. Nikakimbilia kitabu cha kanuni. Kanuni inasema "miaka ishirini na mitano", basi. Miaka ipi? Hakuna aliyeandika. Siku ile sebuleni kwao vidole vyangu vilihesabu Miladia, kwa sababu ndiyo niliyoizoea mimi.

Mwenyekiti alisoma lile pingamizi akiwa amesimama. "Uamuzi ni wako, Ustadhi Mbaraka," akasema. "Nitaupokea wowote ule. Lakini watu wanajua ulikotoka."

Akatoka. Maneno yake ya mwisho yakabaki chumbani na mimi.

Mchana nilikwenda nyumbani kula, nikasimulia yote mezani. Mama Rukia akanisikiliza mpaka mwisho, akasogeza sahani.

"Kanuni inasemaje?"

"Haisemi."

"Kama haisemi, si umwache mtoto wa watu acheze?"

"Watasema nimempendelea."

"Na wakisema?" Akanikazia macho. "Baba Rukia, hebu niambie ukweli wa Mungu, wewe hapo unamuogopa nani?"

Nikanawa mikono, nikainuka. Nilirudi ofisini nikaandika kwamba cheti ni cha Hijria, kwa hiyo umri utahesabiwa kwa Hijria, na mchezaji namba saba wa Jeddah haruhusiwi. Nikapiga muhuri. Karatasi ilikuwa nadhifu, hoja zimepangwa, hakuna aliyeweza kuikosoa. Nami nilijua, wakati ule ule muhuri ukiwa mkononi, kwamba nimeandika upande ambao hautaniletea maneno.

Yahya hakubishana. Alivua jezi, akavaa fulana ya kawaida, akakaa mwisho wa benchi. Kila wenzake walipoitwa kupumzika alinyanyuka na kuwagawia maji, mmoja mmoja, anawafungulia na vizibo. Yule kijana aliyepewa upangaji badala yake alikuwa anaita "Mchuzi!" pale palipotaka "Ugali!", na mimi mezani kwa marefa kucha zinaniingia viganjani. Jeddah wakafungwa kwa tofauti ya kikapu kimoja. Mtu wa klabu alikuwa ameshaondoka wakati wa mapumziko.

Baba yake nilikutana naye nje ya ukumbi, anachechemea, kanzu imejikunja kwa safari. Nilitaka kupita. Akanizuia kwa mkono, bila nguvu.

"Kocha," akasema, "siku ile nyumbani kwangu ulihesabu kwa vidole. Leo umehesabu kwa nini?"

Nikaanza kumweleza habari ya cheti na kanuni. Alinisikiliza kwa adabu kabisa. Halafu akaniacha nikiwa bado naongea.

Yahya nilimkuta ndani anaokota chupa tupu chini ya viti. Kazi ile si yake, ni ya wafagizi. Hakuinua uso. "Ungeniambia tu kwamba unaogopa, kocha," akasema. "Ningekuelewa."

Jamani, nimewahi kutukanwa na washabiki, na kufokewa na wakuu. Hakuna kilichowahi kuniuma kama lile neno lililosemwa polepole na mtu aliyeshika mfuko wa taka.

Msimu uliofuata nilipendekeza kanuni iandikwe waziwazi kwamba umri unahesabiwa kwa Miladia. Ikapita bila ubishi wowote, tena kwa dakika chache. Mwenyekiti akanitazama, akasema, "Hii ungeweza kuiamua hivi hivi mwaka jana," akaendelea na ajenda. Kumbe mtu niliyemuogopa hakuwa na neno! Nilimwandikia Yahya barua kumweleza kanuni imebadilishwa. Hakunijibu, na angenijibu nini? Klabu haikurudi tena. Nikasikia amekuwa mwalimu wa michezo shuleni, baadaye kocha wa chuo kile kile, kwenye ukumbi ule ule nilioanzia mimi.

Miaka ikaenda. Kazi nilifanya, na nyingine nilifanya vizuri, nisijidharau kupita kiasi. Timu za wasichana zilipoanza nilikuwa mmoja wa waliokaa kupanga ratiba yao ya kwanza, na binti yangu Rukia alinipigia simu kutoka Dodoma kunipongeza. Vijana wengi waliokuja na vyeti vyenye utata niliwaita ofisini, nikawapa kiti, nikawauliza wenyewe wanahesabu vipi kabla sijafungua faili. Lakini Yahya kila tulipokutana kwenye mikutano ya makocha alinisalimia kwa heshima zote, "Ustadhi Mbaraka", na kukaa safu ya nyuma. "Kocha" hakuniita tena.

Mashindano yangu ya mwisho kabla ya kustaafu niliyapanga yafanyike Jeddah. Nilikuwa na hamsini na minane, nina mwaka na miezi ya kujipanga, nikataka niagane na kazi pale nilipoianzia. Wiki sita kabla ya ufunguzi afisa utumishi akaniita, kijana mchangamfu, kompyuta mbele yake.

"Mabruk, Ustadhi. Umetimiza sitini, mwisho wa mwezi unastaafu."

"Sitini ya nani? Mimi nina hamsini na minane!"

Akageuza kioo cha kompyuta nikione. Mikataba mipya inasema Miladia, akanieleza. Wangu ni wa zamani, haujawahi kubadilishwa. Akaweka kidole chini ya mstari: kustaafu ni miaka sitini ya Hijria. Chini yake saini yangu mwenyewe, na mkia wake mrefu wa mbwembwe.

Mimi mtu wa orodha, mtu wa kanuni, niliyekagua ikama za watu na vyeti vya watu, mkataba wangu sikuusoma vizuri. Nikaanza kucheka. Yule kijana akacheka kidogo kwa adabu, halafu akaona machozi, akainuka kunitafutia tishu.

"Mafi mushkila, hakuna tatizo, baba," akasema. "Ni utaratibu tu."

"Najua, mwanangu. Utaratibu naujua sana."

Habari hizi hazifichiki. Jioni yake simu ikaita, namba ya Jeddah.

"Kocha," sauti ikasema, "una miaka mingapi?"

Nilikaa kitini kwanza. Ni miaka kumi na minne tangu aliponiita hivyo mara ya mwisho.

"Inategemea anayehesabu, Yahya," nikasema. "Yahya, siku ile niliogopa. Hakuna kingine. Kanuni ilikuwa kisingizio. Nisamehe."

Nikasikia mipira inadunda nyuma yake.

"Baba alisema utalisema siku moja," akajibu. "Mimi nilibisha. Sasa sikiliza, fomu ya mashindano iko mbele yangu. Wachezaji wana ukomo wa umri. Watu wa benchi hawana, nimesoma kanuni yote, umeiandika wewe. Nimekuandika mtu wa maji. Utakuja?"

Mama Rukia alikuwa mlangoni anasikia yote. "Mwambie unakuja!" akapiga kelele. "Na mizigo ya safari nitafunga mwenyewe!"

Vijana, mtaniuliza kazi hii imenifundisha nini. Mambo ya ulinzi na ratiba mtayapata darasani. Langu mimi ni kwamba siku utakapopewa muhuri, kabla hujaugonga jiulize unaogopa nini, na ujijibu kwa sauti japo uko peke yako. Mimi nilijijibu kwa kuchelewa, na kuchelewa kwangu kulimkosesha mtu klabu. Kanuni nilibadilisha, msamaha nilipewa, lakini mechi ile haikuchezwa tena. Naamka nayo hata hapa Tanga.

Fainali ya Jeddah nilikaa mwisho wa benchi, fulana ya kawaida, kreti la chupa miguuni. Yahya alisimama pembeni ya uwanja, tumbo limeanza kumtoka, anapaza sauti kwa vijana ambao hawajawahi kufika Afrika: "Ugali! Ugali, yalla!" Nao wakajazana chini ya kikapu. Nilitaka kuinuka niwaonyeshe pa kusimama, nikajizuia. Walipoitwa kupumzika niligawa maji, mmoja mmoja, nikiwafungulia vizibo.

Kabla ya robo ya mwisho niliona mtu anashuka ngazi za jukwaa, mkongojo mkononi, mguu mmoja haukunjiki. Alichukua muda mrefu kufika. Nyumba chungu nzima za Al-Baghdadiyah zilikunywa maji ya lori la mzee yule. Akasimama mbele yangu, akanyoosha mkono.

"Kocha, na mimi nimeshikwa na kiu."

Nikafungua chupa, nikasimama, nikampa kwa mikono miwili.